Kuku Aliyerudi Mnadani

"Huyu kuku mbona namfahamu?" aliuliza bwana mmoja mwenye koti jipya, Jumapili iliyopita, kwenye mnada wa sadaka nje ya kanisa letu huku Mwika.

Kwetu asiye na hela huleta alichonacho, mkungu wa ndizi au mayai, na baada ya ibada vinanadiwa. Kuku alikuwa wa bibi mmoja ambaye kahawa yake mwaka huu haikumpa kitu. Wiki moja kabla, bwana yule alikuwa amemnunua, akamrudishia bibi kwa huruma. Sasa mzee wa kanisa amemwinua kuku yule tena, naye ametulia kama msharika wa siku nyingi.

"Shikamoo, bibi. Si nilikuachia ufuge, wajukuu wapate mayai?"

"Marahaba, baba. Mayai wamekula. Sasa kwa Mungu nije mikono mitupu?"

"Na nisipomnunua leo?"

Bibi akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akatabasamu.

"Mimi namtumaini Mungu, baba. Naye anakutumaini wewe."

Watu wakaangua kicheko. Bwana akalipa, akamkabidhi bibi kuku wake.

Tangu hapo, nikiomba riziki nasita kidogo. Nawaza ni nani atakayetumwa kuileta, na kama hajachoka.