Nyota Tano Alizozitupa Ruthu

Ruthu Methusela alikulia kwenye mahindi. Mama yake, Penina, alikuwa akichambua mahindi ya wafanyabiashara sokoni Kibaigwa, na punje iliyooza ikionekana kwenye ungo wake ilitoka, hakuna mjadala. Mtoto akafuata mkono wa mama. Hata alipoingia chuo kikuu Dodoma kusomea shahada ya uzamili ya fizikia, mkono ule haukumwacha.

Kazi yake ilihusu kishada cha nyota za kale, karibu na kitovu cha galaksi yetu. Darubini hakuwa nayo. Vipimo vilitoka nje ya nchi, yeye akavisoma kwenye kompyuta, maana mwanga wa nyota hueleza ina chuma kiasi gani, oksijeni kiasi gani, sodiamu kiasi gani. Nyota zilikuwa thelathini na moja. Ishirini na sita zilifanana. Tano zilikuwa na sodiamu nyingi mno na oksijeni haba, naye akazitupa kama uchafu, kisha akaandika kwa mbwembwe kwamba nyota zote za kishada hicho zilizaliwa pamoja, kwa malighafi moja.

Asubuhi ya kutetea tasnifu, chumbani kwake Miyuji, alifungua makala moja ya mwisho ili ajitulize. Nani alimtuma? Humo akakuta kwamba vishada vya kale vingi vina nyota za namna ile ile alizozitupa: kizazi cha pili, kilichozaliwa kwa mabaki ya nyota zilizotangulia. Chai ikamshinda. Kazi ya kufundisha pale chuoni ilikuwa ikisubiri shahada hiyo, na mama alishapanda basi, kavaa kitenge kipya.

Mlangoni mwa chumba cha utetezi alimweleza msimamizi wake, Dokta Bupe. Bupe akamshauri anyamaze. Watahini wakiuliza ajibu, wasipouliza apite. Hawakuuliza. Saa nzima alingoja swali hilo kwa hofu, na kutoulizwa kukamtesa zaidi. Mtahini mkuu, Profesa Matonya, akaanza kufunga faili.

"Profesa, kuna nyota tano nilizitoa," Ruthu alisema. "Hazikuwa na kasoro. Mimi tu sikuzipenda."

Wakamtoa nje. Alikaa kwenye benchi kando ya mama yake, aliyekuwa ameshafika. Alipoitwa tena, hakuweza kuinua macho.

"Leo hujafaulu," Profesa alisema. "Rudi baada ya miezi sita, uje na tasnifu ya hizo tano. Hiyo nitaisoma usiku kucha."

Ruthu akashukuru, akatoka kwenda kumwambia mama, asijue aanze na lipi.