Vichupa Sita Vilivyopata Joto

Kwenye maabara ya mbegu wote walimwita Mama Barafu, hata mkurugenzi. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusaga miche michanga ya maharage kwenye kinu kidogo cha kauri kilichozamishwa katika barafu, kisha kuyachuja maji yake na kuyatia kwenye vichupa. Mdogo wake alipomcheka kwamba amesoma miaka yote ile ili akatwange, alimjibu:

"Mbegu ikilowa, mdogo wangu, inaanza kupumua kwa pupa, na kupumua huko kunazalisha sumu mle ndani. Kuna vimeng'enya vya kuizima. Vikiwa vichache, mche unadumaa kabla haujaona jua. Mimi ndiye ninayevipima. Lakini vikipata joto vinaharibika, unabaki kupima maji matupu."

Mwaka huo Daktari, mtafiti aliyelingana umri na mwanawe wa kwanza, alitaka kujua kama mbegu zilizokaa sana ghalani zikilowekwa na kukaushwa kabla ya kupandwa zitaota kwa nguvu zaidi. Majibu yalimshangaza: miche ya mbegu zilizolowekwa ilikuwa karibu haina vimeng'enya.

"Basi kuloweka kunaharibu," alisema, akaanza kuandika ripoti.

Mama Barafu aliendelea kuosha kinu. Asubuhi ya kupima, mdogo wake alikuwa amepiga simu akilia kwamba mama yao ameanguka bafuni, na Mama Barafu akatoka mbio, simu sikioni, vichupa sita vya mbegu zilizolowekwa akaviacha dirishani juani. Aliporudi alivirudisha kwenye barafu, akaendelea na kazi huku akili haipo.

Siku mbili alijidanganya kuwa nusu saa si kitu. Ya tatu akabisha hodi.

"Daktari, yale majibu usiyapeleke."

"Nimeshayapeleka kwa mkurugenzi. Kuna nini?"

Akamweleza yote, hakubakiza. Daktari alivua miwani.

"Mama, mimi hata sikurudia kupima. Kwa sababu ni wewe."

Afadhali angemtukana.

"Mbegu zimebaki?" Daktari aliuliza, akivaa tena miwani.

"Kikombe kimoja hivi."

Wakaanza upya. Miche ilipofika siku ya tano, yeye alisaga, Daktari akashika saa. Safari hii vimeng'enya vya mbegu zilizolowekwa vilikuwa karibu mara mbili ya zile nyingine, na mizizi ilizidi kwa upana wa kidole. Daktari alipiga meza. "Kumbe!"

Hata hivyo, ripoti ya kwanza ilibidi ifutwe, na barua ya onyo kutoka kwa mkurugenzi ilikuja Ijumaa. Mama Barafu aliisaini, akaitia mkobani. Daktari alimfuata hadi mlangoni.

"Ningeweza kukutetea."

"Kwa lipi? Nilikosea."

"Mama yako anaendeleaje?"

Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza pale kazini. Alitaka kusema hajambo. "Nyonga imevunjika. Mdogo wangu anamgeuza kitandani peke yake."

"Omba likizo uende. Nitasaga mwenyewe."

"Wewe? Utaponda vidole!" alisema, akicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja.

Alikwenda wiki mbili. Yeye alishika mabega, mdogo wake miguu, wakawa wanamgeuza mama yao taratibu, naye mzee akiwakaripia wote wawili kwamba wanamshika kama gunia.