Niliwafundisha Wimbo wa Kwetu

Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo, lakini mama alinivusha nikiwa mgongoni wakati wa vita. Nimekulia upande wa Zambia, kwenye makazi ya wakimbizi, na kusoma Nchelenge, kwa Kibemba na Kiingereza. Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, cha kuongea na mama.

Ulipokuja mpango wa vijana wa Zambia na wa Congo kutembeleana, waliousimamia wakanitafuta. Niwafundishe vijana wa Kashikishi, jirani na Nchelenge, salamu na wimbo mmoja wa Kiswahili, halafu twende wote. Tulifanya mazoezi kila Jumamosi nyuma ya soko, harufu ya samaki wakavu ikituingia mpaka kwenye nguo. Mama akanishonea bulauzi ya kitenge.

Siku ya safari, wenzangu wakiwa wameshapanda boti, kiongozi wetu aliniita pembeni.

"Dada, safari hii ni ya vijana wa Zambia," alisema. "Wewe karatasi zako ni za ukimbizi. Ukivuka, kurudi itakuwa taabu."

"Mulijua tangu mwanzo."

"Tulijua. Lakini nani angewafundisha?"

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayejibu swali la kawaida. Msichana mmoja wa kikundi alinipungia mkono kutoka botini. Nilirudi nyumbani kwa miguu, bulauzi ikinibana kwapani.

Waliporudi, msichana yule alikuja kwetu kutuonyesha picha kwenye simu yake. Mama alimketisha mkekani, akaishika simu kwa mikono miwili. Wenzangu walikuwa wanacheza mbele ya kanisa lenye ukuta mweupe.

"Ni hapa nilibatizwaka," mama akasema. Akawa anaisukuma picha kwa kidole, anatafuta kilicho nyuma ya wachezaji. "Sogeza hawa batoto, nione mulango."

Nikamtafsiria mgeni. Akacheka, akimwita mama kwa heshima ya Kibemba. "Haiwezekani, ba mayo. Ni picha tu."

Kisha akanigeukia mimi. "Kwenu ni kuzuri sana," akaniambia. "Siku moja na wewe ujitahidi ufike."

Nikaitikia.

Mwaka uliofuata walinitafuta tena, nifundishe kikundi kipya. Nilikataa. Jioni mama akaniambia nina roho mbaya. Alikuwa anataka picha nyingine.