Asiransi ya Baiskeli za Kanyosha

Tangazo letu la kwanza lilisema mimi ni kiongozi wa kimataifa. Aliyeliandika ni mke wangu, kwenye simu yake. Picha aliyoichagua ni ile niliyosimama juu ya milima ya Kanyosha, ziwa liko nyuma yangu, tumbo nimelivuta ndani. Nilimwuliza, "Mama, kimataifa wapi? Mimi?"

"Hukufika Uvira, kule Kongo?"

"Nilienda kwenye matanga."

"Mpaka ulivuka, hukuvuka? Basi."

Chini ya picha akaongeza: *Panda milima kwa baiskeli. Hakuna hatari. Salama mia kwa mia.* Halafu akalituma kwenye makundi yote ya simu, la kanisani, la majirani, la akina mama wa kushona. Na nikiwa mkweli, tangazo lile lilileta watu. Walikuja wa Musaga, wakaja wa Kinanira, watumishi wa serikali waliochoka kukaa, wanafunzi wa chuo, hata mwenye duka la vitambaa mjini na binti zake watatu. Kwa hiyo sitamlaumu mke wangu kwa yaliyofuata. Kinywa nilikuwa nacho, nikanyamaza.

Nimesoma mpaka darasa la sita tu. Kila ninapoandika najiuliza kama naeleza jambo au najisifu. Katika hili nitajisifu kidogo, lakini pale nilipokosea nitapasema pia.

Kazi yenyewe ni ndogo. Tuna baiskeli kumi na tano uani kwetu Kanyosha. Tunapanda na wageni kwa barabara ya udongo, tukipita mihogo na migomba ya watu, mpaka mahali ambapo unaona mji wote, ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo. Tunapumzika, tunakula mahindi ya kuchoma, tunashuka. Tuko wawili: mimi mbele, mwenzangu nyuma. Jambo ambalo tangazo halikulisema ni kwamba sisi wawili tulikuwa watu wa ndizi. Miaka mingi tulishusha mikungu kwa baiskeli kutoka milimani mpaka sokoni, mikungu sita au saba imefungwa nyuma, breki yako ni kipande cha tairi chini ya kiatu. Watu wa mjini wakituona tukipita walikuwa wanashika vichwa. Mimi niliona aibu kuwaambia wageni hayo. Nilifikiri mtu anayetaka kupumzika Jumapili hataki kuongozwa na mbeba ndizi.

Siku moja alikuja mama mmoja, direkta wa shule ya msingi kule Kinanira. Yeye mwenyewe alikuwa amepanda na sisi mara mbili. Akasema anataka kuwaleta wanafunzi wake wa la sita, wakubwa, kumi na wawili kwanza, kama zawadi baada ya mitihani.

"Lakini kamati ya wazazi wanataka karatasi ya asiransi," akasema. "Mimi nakuamini, papa. Wao hawakujui."

"Na kama karatasi haiko?"

"Kama haiko, watoto watabaki shuleni tuwape soda."

Nilijua maana yake. Watu wazima wakija na kuanguka, wanacheka, wanajipangusa. Mzazi akikupa mtoto wake amekupa kitu kingine. Nilitaka sana watoto wale waje. Siyo kwa sababu ya soko tu, ingawa na hilo lilikuwepo, siwezi kulikana. Nilitaka wazazi wa Kinanira, watu wa magari na mageti, waseme: mtoto wetu mpeni yule. Hicho ndicho nilichokitaka, nikakosa usingizi kwa ajili yake.

Bima, yaani asiransi kama tunavyoiita hapa, kwa pikipiki na gari kila mtu anaijua. Kwa baiskeli za kutembeza watu? Ofisi ya kwanza walicheka. Ya pili waliniambia nirudi, nikarudi, wakaniambia nirudi tena. Ya tatu nilimkuta bwana mmoja, Muislamu wa makamo, kofia nyeupe, kalamu mbili mfukoni. Huyo hakucheka. Alinipa fomu nikaijaza nyumbani siku mbili, nikiogopa kila mstari. Penye swali la ajali nilizowahi kupata niliandika zote, hata za wakati wa ndizi, ila ndizi zenyewe sikuzitaja, mpaka nafasi ikaisha nikageuza karatasi. Mke wangu alisoma juu ya bega langu.

"Baba watoto, unajiua mwenyewe! Nani amekuuliza ile ya mbuzi?"

"Wameuliza ajali."

"Mbuzi ndiye alipata ajali, siyo wewe!"

Niliacha ya mbuzi. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Lakini kweli, mbuzi ndiye aliyeumia.

Bwana wa asiransi alisoma fomu polepole, akaigeuza, akasoma na nyuma. Kisha akatoa simu yake, akaiweka mezani mbele yangu. Tangazo letu. Mimi na tumbo langu.

"Muzee, hapa umeandika ulianguka mara tano. Hapa umeandika hakuna hatari. Sasa mi niamini nani, huyu wa karatasi ao huyu wa picha?"

"Ni mimi wote wawili," nikasema. Nilijisikia mpumbavu.

"Kama hatari haiko, unataka nikuuzie nini?"

Watu wengi wanasema wa asiransi wanajua kupokea tu. Mimi sitasema hivyo kwa huyu. Angeweza kunifukuza pale pale, na tangazo langu lilimpa sababu. Badala yake akasema, "Jumapili nitakuja kupanda na nyinyi. Nataka kuona kwa macho yangu. Inshallah."

Jumapili ile niliharibu kila kitu kwa kutaka kupendeza. Nilivaa koti jipya. Nilisema Kifaransa mbele ya wageni sita, na Kifaransa changu ni cha kuomba njia. Asubuhi nilikuwa nimezikagua baiskeli zote mwenyewe, haraka haraka, nikamwambia mwenzangu akae mbali kwa sababu shati lake lilikuwa limechanika. Ndiyo, nilimwambia hivyo. Mtu ambaye tumeshuka naye miaka kumi.

Tulipanda vizuri. Bwana wa asiransi alihema sana lakini hakushuka kusukuma, na hilo nalisema kwa heshima yake. Tulipofika juu tukapumzika, nikasimama pale mteremko unapoanza, nikainua mkono kama nilivyoona viongozi wa kimataifa wakifanya, nikasema, "On y va!" Yaani, twende.

"Ngoja kwanza," mwenzangu akasema kutoka nyuma. "Tubadilishane."

Nilimkazia macho. Hakunijali.

Nieleze. Watu wa ndizi wana desturi yao. Juu ya mteremko hakuna anayeshuka kabla ya kubadilishana baiskeli na mwenzake. Wewe unakagua yake, yeye anakagua yako: breki, mnyororo, gurudumu, kamba za mzigo. Akisema haishuki, haishuki, hata kama wewe ni mkubwa wake, hata kama soko linafungwa. Baiskeli yako umeizoea kama mke na mume, kasoro zake huzioni tena. Kwa wageni nilikuwa nimeiacha desturi hiyo tangu siku ya kwanza. Niliona inanuka ndizi. Niliona itawatia woga.

Mwenzangu hakunisubiri. Alichukua baiskeli yangu, akaibinya breki, akainama. Akaenda kwa baiskeli ya bwana wa asiransi.

"Na hii, papa, nipe kidogo."

Akabinya. Akabinya tena. Akavuta waya wa breki ya nyuma kwa kidole, nyuzi zake zilikuwa zimekatika karibu zote, imebaki moja au mbili.

"Hii haishuki," akasema.

Wageni wakaniangalia. Upepo ulikuwa unavuma, na jasho likanitoka chini ya koti jipya.

Nilijua bwana yule atauliza. Hakuuliza, akasubiri tu. Basi nikasema mwenyewe, "Nani aliikagua asubuhi? Ni mimi. Siyo yeye. Yeye nilimkataza."

Mwenzangu akatoa waya mwingine mfukoni, maana anatembea nao siku zote, akaketi chini kuubadilisha. Bwana wa asiransi akachuchumaa karibu yake.

"Hii mulifanya sasa ni kitu gani? Nani aliwafundisha?"

"Hakuna mutu alitufundisha," mwenzangu akasema bila kuinua kichwa. "Ni ya ndizi. Ukishuka na mikungu saba na breki ya kiatu, we mwenyewe utajifundisha."

"Mulibeba ndizi?"

"Huyu hakukuambia?" Akanielekeza kwa kidevu. "Anajifanya wa Ulaya. Muulize ya mbuzi."

Wageni walicheka. Bwana yule naye akacheka mpaka kofia ikasogea. Mimi pia nikacheka, mwishowe, kwa sababu ilikuwa haki yao. Halafu ikabidi nisimulie ya mbuzi, mwanzo mpaka mwisho, huku waya unafungwa.

Niliamini karatasi imekufa. Jumatano akaniita ofisini. Alikuwa ameandika masharti, akanisomea kwa Kiswahili sentensi moja moja, na nilipomwomba arudie alirudia. Sharti la kwanza: kabla ya kila mteremko, kila mpanda baiskeli atakaguliwa baiskeli yake na mtu mwingine, na mkaguzi akikataa, haishuki. La pili: ile kona ya mawe juu ya mto, watu watashuka wasukume, asiransi haiingii pale. La tatu: maneno *hakuna hatari* yatoke kwenye tangazo.

"Waya ule niliukagua mimi, sikuuona," nikamwambia. Nilitaka awe na uhakika kwamba ameelewa.

"Muzee, waya inakatika kila mahali. Mi nilitaka kujua nani atauona." Akapiga mhuri.

Nilikwenda kwa mwenzangu kabla ya kwenda nyumbani. Nikamwomba msamaha kwa ya shati. Akasema, "Shati ni baya kweli," tukamaliza.

Tangazo jipya niliandika mimi. Ilinichukua jioni nzima. *Njia yetu ina miteremko. Sisi tulikuwa wabeba ndizi, kushuka tunakujua. Tuna asiransi.* Mke wangu alilisoma, akatikisa kichwa.

"Utafukuza watu. Nani atalipa kufuata ndizi?"

"Pengine hakuna."

Hakukosea sana. Wiki mbili simu zilipungua, na nilijuta, nikafikiri nirudishe mia kwa mia. Lakini mke wangu aliliweka vilevile kwenye makundi yake yote, hakuacha hata moja, ila picha ya tumbo alikataa kuiondoa.

Watoto walikuja Jumamosi moja baada ya kazi za jamii za asubuhi, ambazo hufunga barabara, njia zilipofunguliwa. Kumi na wawili, na direkta wao juu ya baiskeli ya kumi na tatu, suruali ya michezo na saa ya dhahabu. Tulipanda kwa kelele nyingi. Juu kabisa mwenzangu akawapanga wawili wawili, akawafundisha kubinya, kuvuta, kutikisa. Direkta akapewa msichana mmoja mdogo kwa umbo, miwani imefungwa kwa kamba. Msichana akaizunguka baiskeli ya mkuu wake mara mbili. Akatikisa gurudumu la mbele.

"Madamu," akasema, sauti ndogo. "Hii haishuki."

"Unasema nini?"

"Inacheza. Haishuki, Madamu."

Wenzake wakashika midomo. Nadhani kule shuleni hakuna aliyewahi kumwambia mama yule neno kama hilo. Direkta akanitazama mimi. Mimi nikamtazama msichana, nikasema, "Amesema haishuki."

Basi direkta akashuka, akasimama kando ya njia kama mwanafunzi, mikono nyuma. Tukaikaza buloni ya gurudumu kwa spana. Msichana akatikisa tena, akafikiri, akatikisa mara ya tatu, kisha akampa ruhusa.

Tulishuka wote. Kwenye kona ya mawe tulisukuma kama ilivyoandikwa. Chini uani niliwahesabu, nikawahesabu tena, wakatimia. Direkta alikuwa pembeni na simu sikioni, anaongea na mkubwa wa kamati ya wazazi. Nilimsikia akisema, "Wameshuka wote." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo," akasema, "wa la tano pia, waandikishe."

Niligeuka nyuma nikachukua spana, nikajifanya nakaza kitu ambacho kilikuwa kimeshakazwa.