Mama na Kuku Wake Ughaibuni

Mdogo wangu anauza mafuta ya alizeti kando ya barabara pale Iguguno, na kila nikipita ananiamkia, kisha ananichokoza. "Dada, hizo tuzo zenu zinapikwa na nini?" Wateja wanacheka. Halafu ananishauri niiweke filamu yangu mtandaoni, watu waitazame kwenye simu, yaishe. Siku hizi nani anangoja majaji wa matamasha ya ng'ambo wamwambie kipi kizuri?

Huwa namwacha aseme. Filamu yenyewe ni fupi. Nilimpiga mama picha nyumbani kwetu Mungaa akihangaika kumkamata kuku. Nilitaka arudie, maana kamera ilikuwa imetikisika. Nilipomaliza kuirekebisha, kuku alikuwa keshachinjwa, yumo kwenye maji ya moto ananyonyolewa. "Wageni wako wana njaa," mama alisema, akimaanisha vijana wawili walionibebea vifaa. Basi kwenye filamu anakimbia mara moja tu. Kanga inamporomoka, kuku anampiga chenga nyuma ya ghala, na mwisho mama ananigeukia akihema, ananiambia kwa Kinyaturu niache mchezo, niingie ndani nikale.

Alifariki kabla sijamaliza kuihariri.

Ndiyo maana nayapenda matamasha, na sioni haya kusema. Tuzo tuliyopata iko kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kweli haipikwi. Lakini ndiyo iliyotufungulia milango, mimi na filamu yangu, tukawa tunaalikwa mji hadi mji. Kila tulikokwenda taa zilizimwa, ukumbi mzima wa watu wasiomjua ukanyamaza, na mama akatokea, mrefu kuliko nyumba yetu. Hakuna aliyempitisha kwa kidole kwenye kioo cha simu kutafuta kingine. Akiniita nikale, nilimjibu kimoyomoyo, naja mama. Kwenye simu nimejaribu. Anakuwa kama punje ya alizeti, na katikati ya mbio zake mtu ananipigia. Nammisi vibaya sana, na simu hainisaidii.

Tatizo ni kwamba matamasha yanataka vitu vipya. Mialiko ilipungua, na mwaka huu umekuja ujumbe mmoja tu. Wanasema bado wanaikumbuka kazi ile, na wanauliza kama nina nyingine. Ninazo hadithi nyingine, sikatai. Mama hayumo hata katika moja.

Nilimsomea mdogo wangu ujumbe huo pale pale barabarani, nikijua atanicheka. Hakucheka. Alifunga chupa aliyokuwa akiijaza, akaipangusa kwa kitambaa, akaendelea kuipangusa hata baada ya kukauka.

"Dada, ukiwa humo ukumbini, mama anaonekana vizuri?"

"Vizuri," nikamwambia. "Hadi jasho la shingoni."

Aliiweka ile chupa mezani na kutazama upande wa barabara.

"Mimi sijawahi kumwona hivyo," akasema. "Hata mara moja."