Uso wa Baba Mkwe

Miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, kila mtu Tukuyu alifungua duka, na kila duka lilitaka bango. Mchoraji nilikuwa mimi. Nilikuwa na kibanda mtaa wa Bagamoyo, hapohapo mjini, rangi zangu zikitoka mpakani na majivuno yangu yakitoka kwangu mwenyewe. Mjini hapakuwa na mwingine aliyeweza kuchora kichwa kwenye bango la kinyozi kikafanana na cha binadamu.

Ndiyo maana mwalimu mmoja mstaafu wa Lupepo alinijia na riwaya yake. Ilikuwa habari ya ukoo wao, ameipiga chapa mwenyewe. Alitaka picha za matukio makubwa, na pembeni vitu alivyoviita ishara: jembe, kigoda, mgomba uliozaa ukainama. Nikamwambia migomba yote ikizaa huinama. Hakucheka. Walimu wana shida hiyo.

"Fundi," alisema, "mama yangu hajui kusoma, na macho yanamwishia. Picha zako ndizo kitabu chake. Akizikataa, nitakuwa nimeandika bure."

Hapo nikaacha utani. Nilichora huku nje mvua ikinyesha bila kukoma, karatasi nikizikausha juu ya jiko la mkaa. Sikumwonyesha mwalimu hata moja, maana sipendi mtu achungulie kazi kabla haijaisha. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwaka ambao mvua ya mawe iliharibu migomba. Riwaya ilisema baba mkwe alimpa mama yake mwalimu, alipokuwa bado mke mgeni, mkungu wa mwisho. Basi nikamchora mzee akimkabidhi mkungu, wakitazamana. Uso wa mzee niliunakili kutoka picha yake ya zamani aliyoniachia mwalimu.

Siku ya kuzipeleka Lupepo, mama alikaa dirishani akazisogeza moja moja karibu na macho. Jembe lilimchekesha. Ilipofika ile ya mkungu akauliza, "Huyu nani?"

"Baba mkwe wako, mama," nikajibu kwa fahari.

Karatasi ikamdondoka. Alijifunika uso kwa khanga akageukia ukutani. Mwalimu aliiokota haraka, akaificha nyuma ya mgongo.

"Umemweka mama uso kwa uso na mkwe wake!"

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake. Akimsikia njiani anajitenga, maisha yote. Mzee alikwisha kufa, lakini kwa mama heshima haikufa naye. Niliona aibu, kisha nikapandwa na hasira.

"Si wewe uliyeandika alimpa?"

"Kila mtu hapa anajua alimpaje!"

"Mimi sijui!" Babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani, nani angenifundisha?

Mama mwenyewe akanijibu, hajageuka. "Aliuweka njiani, mwanangu. Akakohoa. Mimi nimejificha migombani. Nikasikia miguu imekwenda, ndiyo nikatoka nikachukua. Kile kikohozi nakijua mpaka leo."

Nikaomba karatasi, nikachora palepale kwa penseli. Njia ya matope, mkungu juu ya nyasi, pindo la nguo nyuma ya majani ya mgomba. Mzee sikumchora. Niliweka nyayo zake tu, zikienda zake. Sikuwa na picha nyingine ya kumpa.

Mwalimu alimhakikishia kwamba mzee hayumo mle pichani. Mama akageuka, akaitazama muda mrefu, akazigusa zile nyayo kwa kidole.

"Ndaga," alisema. Asante. "Ndivyo ilivyokuwa."

Mwalimu alitoka kwenda kuagiza chai, nadhani alitaka kufuta machozi. Mama akaniita karibu, akajivutia khanga tena usoni.

"Fundi, wewe umemtazama. Kusikia si kuona. Niambie, alikuwaje?"

Nikamweleza polepole. Paji pana. Masikio makubwa, moja limesimama kuliko lenzake. Macho ya mtu anayetaka kucheka lakini anaona haya. Alisikiliza bila kunikatiza, na khanga ikaanza kulowa.

"Alinilisha mimi na wanangu," alisema. "Leo ndiyo namwona."