Asilimia Kumi na Nane, Njia ya Banalia

Gédéon wa Yanonge aliendesha malori ya mazutu, yaani dizeli, miaka ishirini kabla kampuni ya mchele haijampa hili la umeme. Yale ya zamani yalibeba watu juu ya magunia, wakiimba, wakigombana, kuku wakilia. Hili halipandishi mtu. Uzito unakula chaji, na kati ya Banalia na Kisangani hakuna pa kuchajia. Basi alisafiri peke yake, bila hata mungurumo wa motori.

Jumamosi ile binti yake Aurélie alikuwa anaolewa Butembo. Huko ndiko alikokulia, tangu mama yake alipoondoka naye akiwa na miaka tisa. Gédéon alinyimwa ruhusa ya kwenda; siku hiyo alipaswa kutoa mchele Banalia na kuufikisha Kisangani. Wakaelewana: saa kumi kamili Aurélie angempigia mbele ya wageni, naye atoe baraka ya baba.

Mvua ikaharibu mpango. Kwenye tope magurudumu yalizunguka bure, na chaji ikashuka hadi asilimia kumi na nane. Ilikuwa saa nane na nusu. Mtandao wa simu ulikuwa kilometa hamsini mbele. Akikimbia, angeuwahi, lakini batri ingekufa kabla ya mji. Mwenzake René alikwama hivyo, akachunga magunia msituni siku nne, na aliporudi alikuta kazi yake ina mtu mwingine.

Gédéon akapunguza mwendo. Akazima feni. Kwenye kila mteremko aliondoa mguu, lori lijishukie na kurudisha nguvu kidogo kwenye batri. Pikipiki zilimpita. Saa kumi ilimkuta katikati ya miti. Akaanza kuisema baraka mwenyewe, akaona haya, akaiacha katikati.

Saa kumi na moja na robo simu ikashika mtandao. Akasimama, akapiga.

“Papa, tulikungoja sana!” Nyuma ya Aurélie muziki ulivuma.

“Barabara, mutoto yangu. Na batri.”

“Haina shida, papa. Tonton Isaïe alitoa baraka.”

Isaïe ni kaka wa mama yake Aurélie, ndiye aliyemlea.

“Bon, sawa. Alisema muzuri?”

“Muzuri sana. Batu balilia. Papa, banatuita kwa picha.”

Akafika depo ya kampuni Kisangani na asilimia tatu. Landry, mkuu wa depo, akatazama kioo kinachoonyesha chaji, akacheka kwa furaha.

“Vieux, muzee yangu, weye iko mwalimu wa batri!”

Gédéon akashukuru. Akachomeka waya, akanunua njiani chikwange moja, mkate wa muhogo, akaenda nyumbani Mangobo.